Namna ya kutumia "cut down" na "cut down on" bila kugeuza maana

Tuseme chama cha msingi cha wakulima wa tumbaku huko Urambo, mkoani Tabora, kinataka kusimamisha kibao cha lugha mbili kando ya msitu, maana wageni wa miradi hupita hapo mara kwa mara. Kwa Kiswahili maneno yamekaa sawa: "Tupunguze kukata miti." Anayetafsiri anakumbuka kutoka darasani kwamba "cut down" ni kupunguza, basi anaandika chini yake: "Let us cut down trees." Mgeni akisoma anaelewa jambo moja tu: tukate miti. Kibao kimejipinga chenyewe, na kwa mkoa ambao mabani ya kukaushia tumbaku yanakula kuni nyingi za miombo, hilo si kosa dogo.

Kuongeza "on" hapo hakutibu. "Let us cut down on trees" inamfanya msomaji aione miti kama soda au sigara, kitu ambacho mtu hukitumia kila siku na sasa anajizuia. Kinachosema kilichokusudiwa ni "Let us cut fewer trees", au kwa ukali zaidi, "Stop cutting down trees". Sentensi ya kwanza inapunguza, ya pili inaacha kabisa.

Chanzo cha mkanganyiko ni upana wa neno letu. Kiswahili kina -punguza, na neno hilo moja linabeba sukari, bei, sauti, mwendo, nywele na suruali. Kiingereza cha kila siku kimeigawa kazi hiyo kwa vitenzi vingi, na "cut down" kimepewa sehemu tu. Kwa hiyo usikariri kwamba "cut down" ni kupunguza ukaishia hapo. Jifunze mipaka yake.

Maana zake

Maana ya asili ni kuangusha kwa kukata kitu kilichosimama wima: mti, nguzo, mabua ya mahindi. "They cut down the old mango tree" maana yake mwembe umelala chini. Hapa hakuna "on" kabisa.

Maana ya pili ndiyo inayotafutwa na wengi: kutumia, kula, kunywa au kufanya jambo kwa kiasi kidogo kuliko zamani. Hapa "on" ni lazima kitu kinapotajwa. "She has cut down on sugar" ni amepunguza sukari. "We are cutting down on charcoal" ni tunapunguza matumizi ya mkaa. Umeme wa LUKU unakwisha haraka? "We need to cut down on electricity." Bando la simu? Usiseme "bundles", sema "I'm cutting down on data". Ikiwa kitu kimeshaeleweka kwenye mazungumzo, "on" inaondoka pamoja nacho: "You smoke too much. You should cut down."

Ya tatu ni kufupisha au kupunguza ukubwa wa kitu hadi kipimo fulani. "Cut the report down to two pages." Humo pia mna fundi anayechukua koti la baba na kulifanya la mtoto: "She cut the jacket down to fit the boy."

Iko na ya nne, ya magazeti zaidi, ambapo mtu huangushwa na risasi au ugonjwa: "He was cut down by cholera." Na msemo "cut someone down to size" ni kumshusha mtu anayejikweza. Hizo mbili zitambue ukizisoma. Kwenye maandishi yako utazihitaji mara chache.

Njia ya kujua unataka ipi ni kubadilisha maneno kabla hujaandika. Weka "use less" mahali pa kitenzi, au "eat less", au "do less", kulingana na jambo lenyewe. Sentensi ikibaki na maana yako, andika "cut down on". Ikiwa inayofaa ni "make shorter" au "make smaller", andika "cut down" bila "on", kisha taja kipimo kwa "to". Na kama picha iliyo kichwani ni shoka na mti unaoanguka, andika "cut down" peke yake. Ikiwa hakuna hata moja inayokaa, basi "cut down" si kitenzi chako, na sehemu ya masoko na majiko hapa chini itakusaidia.

Mpangilio wa maneno

"Cut" haibadiliki: "cut, cut, cut". Hakuna "cutted". Katika umbo la -ing herufi ya t huandikwa mara mbili: "cutting". Kwa kuwa wakati uliopita unafanana na uliopo, herufi moja ya s ndiyo inayotenganisha. "He cuts down on salt" ni hupunguza chumvi. "He cut down on salt" ni alipunguza. Mwandishi anayesahau s amehamisha wakati bila kujua.

Kiambishi cha -me- chetu hulingana vizuri na "have cut": "I have cut down on sugar", nimepunguza, na hali inaendelea. Lakini ukishataja "last year", "have" iondoke: "I cut down on sugar last year."

Baada ya "on" huja nomino au kitenzi chenye -ing. Andika "cut down on smoking", usiandike "cut down on to smoke" wala "cut down to smoke". Wanafunzi hukosea hapa kwa sababu Kiswahili hutumia umbo moja la ku- kwa yote mawili: kupunguza kuvuta. Ukiona ku- ya pili baada ya kupunguza, jua kwamba kwa Kiingereza ni -ing.

Kiwakilishi kina sheria kali. Kwa mti unaweza kusema "cut down the tree" au "cut the tree down", vyote sawa. Mti ukigeuka "it", mahali pake ni katikati tu: "cut it down". "Cut down it" ni kosa siku zote. Kwa maana ya matumizi, mambo yanageuka: "cut down on" haipasuliwi, na kiwakilishi hukaa mwisho, "cut down on it". Tazama mtego ulipo. Mtu anazungumzia mkaa, anataka kusema "tuupunguze", anasema "let's cut it down". Msikilizaji ataanza kutafuta ni kitu gani kinachoangushwa.

"By" na "to": hapa watu hupoteza hesabu

Kaya inatumia magunia 6 ya mkaa. Ukiandika "They cut down by 2", yamebaki 4. Ukiandika "They cut down to 2", yamebaki 2. Kiswahili kinazitenganisha wazi: kwa magunia mawili, au hadi magunia mawili. Ugumu unakuja kwa sababu -punguza huweza kusemwa bila kihusishi, "tumepunguza magunia mawili", na mtafsiri akashindwa kujua achague kipi. Kwenye ripoti ya mradi, kosa hilo hubadilisha takwimu nzima, na hakuna msomaji atakayeligundua, maana sentensi zote mbili ni sahihi kisarufi. Dawa ni kutaja mwanzo na mwisho: "from 6 bags to 4".

Kipimo kikitajwa kwa "to", unaweza kuacha "on": "Cut your sugar down to one spoon a cup." Hapo sukari imekaa katikati, kiasi kimekaa mwisho, na sentensi imenyooka.

Majirani wake: cut back, cut out, cut off, cut up

Tabora ina miembe mikubwa, na kwa mwembe tofauti hizi huonekana kwa macho. Mwenye nyumba anayemwambia kijana "punguza huo mwembe" anataka matawi yaliyozidi yaondolewe, mti ubaki. Kwa Kiingereza hiyo ni "Cut back the mango tree." Akisema "Cut down the mango tree", jioni atakuta kisiki. "Cut off that branch" ni kuliondoa tawi moja kutoka kwenye mti. "Cut up the trunk" ni kukatakata gogo vipande vya kuni. Mpangilio wa kazi ya shoka kwa hiyo ni huu: mti "you cut it down", matawi "you cut them off", gogo "you cut it up". Mtu akiifuata kazi yenyewe kwa mawazo, hatavichanganya tena.

Kwenye matumizi, "cut back on" na "cut down on" hukaribiana sana, na mara nyingi moja hufaa mahali pa nyingine. Hata hivyo, ya kwanza husikika zaidi kwenye fedha na taasisi: serikali, kampuni, shule. "The school has cut back on travel." Ya pili ina harufu ya mazoea ya mtu na afya yake. "Cut back" ina nomino, "cutback", punguzo la bajeti au huduma. "Cut down" haina nomino ya namna hiyo. Usiandike "a cutdown in expenses", andika "a cut in" au "a reduction in".

"Cut out" ndiyo ya kuangaliwa kwa makini kuliko zote, hasa na wanaotafsiri karatasi za hospitali. "Cut down on salt" ni punguza chumvi. Shirika la Afya Duniani hupendekeza mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, pungufu ya kijiko kimoja cha chai, kwa hiyo chumvi ipo ila kidogo. Lakini "Cut out alcohol while taking this medicine" si punguza pombe. Ni acha pombe kabisa kwa muda wote wa dawa. Mtafsiri akiandika "punguza", mgonjwa ataendelea na chupa moja akiamini ametii. Herufi chache zimegeuza amri ya daktari. Kama huna uhakika, tumia neno lisilo na utata: "use less" kwa kupunguza, "stop" kwa kuacha.

Kwa kuwa tumegusa pombe: "drinking" peke yake kwa Kiingereza huwa na maana ya pombe. "He should cut down on drinking" haihusu maji wala chai. Madaktari wana kipimo kifupi cha maswali manne kiitwacho CAGE, kilichochapishwa 1984, cha kutambua tatizo la pombe, na ile C ni ya "cut down": swali la kwanza humuuliza mtu kama amewahi kuona kwamba inampasa apunguze kunywa.

Mfano mwingine wa kupunguza na kuacha uko Kigoma. Mwaka 2024 uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kwa miezi mitatu ili samaki wazaliane. Ukiandika "Fishermen cut down on fishing for three months", umesema waliendelea kuvua, ila kidogo. Iliyo sawa ni "Fishing was suspended" au "The lake was closed to fishing".

Pale ambapo kupunguza si "cut down"

Sokoni kwanza. "Nipunguzie" haiwi "cut down for me". Mgeni akimwambia muuza asali hivyo, hakuna kitakachoeleweka. Sema "Can you bring the price down a little?" au "Can you give me a discount?" Muuzaji naye akikubali husema "I'll take off 2,000". Kwenye habari, kampuni inayopunguza bei "cuts prices", bila "down" na bila "on".

Jikoni, moto wa gesi "you turn it down", kwa kuwa kuna kitasa cha kuzungushwa. Jiko la mkaa halina kitasa. Kupunguza moto wake ni kutoa makaa, basi sema "take out some of the charcoal". Redio pia ni "turn down". Gari ni "slow down". Nywele ni "trim". Suruali ndefu ni "shorten it" au "take it up". Ikiwa pana kiunoni, "take it in". Maumivu ni "ease". Deni ni "pay off part of it". Mtu mwenye jazba huambiwa "calm down". Wafanyakazi wakipunguzwa, "they are laid off".

Uzito unataka aya yake, kwa sababu kosa lake limeenea sana kwetu. "Umepungua!" si "You have reduced!" Ni "You've lost weight!" Na anayetaka kupunguza mwili hasemi "I want to cut down my weight", husema "I want to lose weight", kisha anaeleza njia: "so I'm cutting down on fried food". Uzito unapotea, chakula ndicho kinachopunguzwa.

Kosa jingine la Afrika Mashariki ni "reduce on". Tunalisikia kila mahali: "reduce on sugar", "reduce on noise". Huenda limezaliwa kwa kuazima "on" ya "cut down on". "Reduce" haihitaji kihusishi hicho: "reduce sugar", "reduce the noise". Kwa barua rasmi na ripoti, "reduce" ndiyo inayofaa zaidi. "Cut down on" ni ya mazungumzo, mabango ya afya na maandishi ya kawaida.

Kisha iko tofauti ya -punguza na -pungua, ambayo Kiswahili kimeipanga vizuri kwa konsonanti moja tu, z. "Cut down" ni ya -punguza. Kiima chake ni anayepunguza, au njia inayosababisha: "A good barn cuts down on firewood" ni sahihi, maana bani zuri ndilo linalookoa kuni. Kamwe kiima hakiwi kile kinachopungua. "Prices have cut down" ni kosa. Bei "have gone down" au "have dropped". Mvua imepungua: "The rain has eased off." Upepo umepungua: "The wind has died down." Ukiwa na -pungua kichwani, achana na "cut down" mara moja.

Kuitamka

Mkazo mkubwa uko kwenye "down", si kwenye "cut". "I'm cutting DOWN." "Cut it DOWN." Usichomeke i baina ya t na d, "kati dauni" haitambuliki kirahisi masikioni mwa mzungumzaji wa Kiingereza. Weka ulimi nyuma ya meno ya juu kwa t, uzuie pumzi kidogo bila kuiachia, kisha uachie moja kwa moja kwenye d. Herufi mbili zinasikika kama pigo moja.

Ukikaribishwa chai yenye sukari nyingi na hutaki kumvunja moyo mwenyeji, sentensi fupi inatosha: "Just a little, thank you. I'm trying to cut down." Ni ya adabu, haihitaji maelezo ya ugonjwa, na mwenyeji anajua hukukikataa kikombe chake.

Barua moja, marekebisho matano

Hii ni barua ya mfano kutoka kwa chama kwenda kwa mfadhili. Imekusanya makosa yote makuu:

"This year the rainfall has cut down. Therefore our members have cut down their farms. We also want to reduce on firewood by building better barns. Last season each member used ten loads; this season we want to cut down by four loads only. Kindly cut down for us the price of fertilizer."

Sentensi ya kwanza ina -pungua, si -punguza: "This year there has been less rain." Ya pili ni ya hatari zaidi. "Cut down their farms" inaonyesha wanachama wamefyeka kila kilichosimama shambani, wakati wao walipunguza eneo la kulima: "Our members have planted less land." Ya tatu inaponywa kwa kuondoa "on", na kwa barua rasmi huwa nzuri zaidi ikitaja matumizi: "We also want to reduce our use of firewood by building better barns."

Ya nne inahitaji kumuuliza mwenye barua. Kama kila mwanachama atatumia mizigo minne tu, ni "cut down to four loads". Kama atapunguza minne na kubaki na sita, ni "cut down by four loads", na "only" iondoke kwa sababu ndiyo inayoleta shaka. Iliyo salama kuliko zote: "from ten loads to four", au "from ten loads to six". Ya tano ni "nipunguzie" iliyovaa nguo za Kiingereza: "We kindly ask you to lower the price of fertilizer."

Barua iliyosafishwa kwa hiyo haina "cut down" hata moja, isipokuwa ukiiacha kwenye hesabu ya mizigo. Kwa mazoezi, irudie barua hiyo ukiwa mkulima anayezungumza na rafiki badala ya mfadhili. Hapo "cut down on" itarudi mahali pake: "We've built a new barn and we've cut down on firewood."